Askari Anayeshikwa na Kizunguzungu Asiitwe Mtegaji

Katika vikosi vyetu vya ulinzi na usalama kuna neno moja linalosemwa upesi mno. Neno hilo ni "mtegaji". Kuruta akianguka katika mchakamchaka wa alfajiri, konstebo akishika ukuta katikati ya lindo, au askari wa doria akiomba kuketi ndani ya mashua, aghalabu neno hilo humfikia kabla ya maji ya kunywa. Sisi tunasema kwamba hakuna mkubwa wa kikosi mwenye haki ya kulitamka kabla mapigo ya moyo ya askari huyo hayajahesabiwa.

Tunazungumzia hali moja mahsusi. Ni kijana wa miaka ishirini na kitu, mkakamavu, anayekimbia na kubeba mzigo pamoja na wenzake. Hana jeraha, wala haonekani mgonjwa. Lakini moyo wake hupiga polepole, na mara kwa mara, akisimama ghafla au akipanda kilima, macho humwingia giza na dunia humzunguka. Akiwaeleza wenzake, baadhi yao humwambia kwamba moyo wa polepole ndio moyo wa mwanariadha, basi na ajivune. Wengine humwambia kwamba anaikimbia kazi. Pande zote mbili zaweza kukosea, na kosa la upande wowote laweza kumpeleka kijana huyo kaburini.

Tumeuchagua mwambao wa Ziwa Mweru kuwa mfano wetu, hasa wilaya ya Nchelenge katika Mkoa wa Luapula, nchini Zambia. Ziwa hilo, lenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 5,000, limegawanywa na mpaka. Upande wa mashariki ni Zambia, na upande wa magharibi ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako Kiswahili cha Katanga husikika sokoni, kambini na mashuani. Kwa hiyo hili ni ziwa la askari wa nchi mbili, na yale yanayowapata hapo yaweza kuwapata wenzao wa Tanganyika, wa Viktoria na wa Pwani.

Kazi ya askari wa Nchelenge si ndogo. Kuna mpaka wa majini usio na nguzo wala ukuta. Kuna visiwa vya Kilwa na Isokwe, ambavyo havifikiwi ila kwa chombo. Kuna miezi ya kufungwa kwa uvuvi, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, ambapo doria hutoka usiku na mchana katika majira ya mvua na dhoruba. Mwaka 2017, wakimbizi kutoka Kongo walipoingia kwa maelfu na kupokelewa katika kituo cha Kenani, kisha kupelekwa kwenye makazi ya Mantapala, mzigo wa kulinda na kuweka utaratibu katika wilaya hiyo uliongezeka.

Sasa na tufikiri pamoja. Askari anayeingiwa na giza machoni akiwa uwanjani huanguka juu ya mchanga. Askari anayeingiwa na giza akiwa ukingoni mwa mashua, bunduki begani na mabuti miguuni, huanguka majini. Na anayeingiwa na giza akiwa ameshika usukani wa lori huenda na wenzake wote. Hapo kizunguzungu huacha kuwa shauri la mtu mmoja na kuwa jambo la usalama wa kikosi kizima.

Tena kuna umbali. Iko hospitali ya Mtakatifu Paulo huko Kashikishi, karibu na Nchelenge. Lakini mgonjwa wa moyo anayehitaji kupelekwa mbele ana njia ndefu ya kupitia Mwansabombwe na Mwense hadi Mansa, makao makuu ya mkoa, na mabingwa wa moyo wako mbali zaidi, Lusaka. Maana yake ni kwamba uamuzi wa kwanza, ule wa kusema "mshusheni huyu" au "aendelee", hautolewi na daktari. Hutolewa na koplo au sajini aliye naye chomboni. Kwa hiyo tabibu wa kwanza wa askari wa Mweru ni koplo wake, naye koplo huyo hana budi kujua mambo machache.

La kwanza ni kuujua moyo wenyewe. Mtu mzima aliyepumzika, moyo wake kwa kawaida hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Lakini mtu aliyejizoeza kwa miezi na miaka, mkimbiaji, mpiga kasia au askari wa miguu, moyo wake hupanuka na kupata nguvu. Kila pigo husukuma damu nyingi zaidi, kwa hiyo hauna haja ya kupiga mara nyingi. Moyo wa namna hiyo waweza kupiga mara 50 kwa dakika, hata 40 na kitu, na mwenyewe awe mzima kabisa. Usingizini hushuka zaidi. Huo si ugonjwa, wala si sababu ya kumtoa kijana jeshini.

Lakini iko alama inayotofautisha moyo uliozoezwa na moyo ulioharibika. Moyo uliozoezwa huitika. Mwenyewe akianza kukimbia, mapigo hupanda mara moja, na akipumzika hushuka tena. Tena moyo huo haumpi mwenyewe kizunguzungu, haumzimishi, wala haumchoshi kuliko wenzake. Ndiyo kusema, polepole peke yake ni sifa, lakini polepole pamoja na kizunguzungu ni swali linalodai jibu.

Jibu hilo laweza kuwa ndani ya moyo wenyewe. Moyo huendeshwa na umeme mdogo unaoanzia mahali pamoja, juu upande wa kulia, kisha hupita katika njia zake hadi kwenye vyumba vya chini vinavyosukuma damu. Pale panapoanzia umeme pakilegea, au njia yake ikikatika, vyumba vya chini hupiga kwa kusuasua. Mwenyewe akitaka kukimbia, miguu hudai damu, lakini moyo hauongezi mwendo. Ubongo ukikosa damu kwa sekunde chache tu, macho huingia giza. Zikizidi kidogo, mtu huanguka. Wako wanaozaliwa na kasoro hiyo. Wako wanaoipata baada ya homa ya baridi yabisi ya utotoni, ambayo huanza kwa maumivu ya koo yasiyotibiwa. Wako pia ambao msuli wa moyo umevimba kwa ugonjwa mwingine.

Ndugu wasomaji, tusije tukawatia watu hofu. Mara nyingi zaidi jibu liko nje ya moyo, na dawa yake ni rahisi. Tuchukue gwaride. Sikukuu ya uhuru wa Zambia ni tarehe 24 Oktoba, na Oktoba ndio mwezi wa joto kali kuliko yote nchini humo. Askari huamka usiku, hung'arisha viatu, hukosa chai, kisha husimama wima kwa saa kadhaa bila kutikisika. Damu hujikusanya miguuni. Neva moja kubwa inayotoka kichwani kwenda moyoni, iitwayo neva ya vegasi, huuamuru moyo upunguze mwendo ghafla. Mapigo hushuka, shinikizo la damu huanguka, na askari naye huanguka, bunduki na yeye. Hapo mwili wenyewe umemlaza chini ili damu irudi kichwani. Anayemwinua upesi na kumsimamisha kwa lazima anapinga tiba ambayo mwili umekwisha kuanza kujipa.

Tuchukue pia kiu, njaa na joto. Askari aliyekwenda doria siku nzima juani kwa chupa moja ya maji, au kuruta anayejinyima chakula ili apunguze uzito, ataona kizunguzungu bila kuwa na ugonjwa wowote wa moyo. Na mtu akikosa chakula kwa muda mrefu, moyo wake hupunguza mwendo ili kubana matumizi. Hao hawahitaji matusi. Wanahitaji maji, chakula, kivuli na mkubwa mwenye busara.

Halafu kuna homa. Nchelenge ni miongoni mwa wilaya ambazo malaria haikatiki mwaka mzima, na kwa hiyo kila kizunguzungu huitwa malaria. Lakini malaria kwa kawaida huufanya moyo uende mbio, na vivyo hivyo upungufu wa damu. Askari akiwa na homa kali huku mapigo yake yakiwa ya polepole kuliko inavyostahili homa hiyo, tabibu mzuri hukumbuka homa ya matumbo, yaani taifodi, ambayo hujulikana tangu zamani kwa alama hiyo. Hivyo kuhesabu mapigo kwaweza kumzuia mtu asimeze dawa ya malaria kwa ugonjwa usio malaria.

Dawa zenyewe nazo zina habari yake. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu, zikimezwa na mtu ambaye hakuandikiwa, hupunguza mwendo wa moyo hadi akaanguka. Na majeshi yana fundisho lao katika dawa ya kuzuia malaria iitwayo mefulokwini. Askari wa Marekani na wa Kanada waliokwenda Somalia mwaka 1992 na 1993 walipewa dawa hiyo. Ilikuja kufahamika kwamba kwa baadhi ya watu huleta kizunguzungu na kuivuruga akili, na kwamba yaweza pia kupunguza mapigo ya moyo. Mwezi Julai 1993 ulikuwa umepita miaka 20 wakati idara ya Marekani inayosimamia dawa, Julai 2013, ilipoamuru dawa hiyo iwekewe onyo kali kuliko yote, kwa kuwa kizunguzungu chake chaweza kudumu hata baada ya dawa kuachwa. Askari wastaafu wa nchi hizo wamelalamika kwa miaka mingi kwamba waliposema wanaumwa hawakusikilizwa. Hatusemi askari aache dawa za malaria. Malaria huua. Tunasema amweleze tabibu kila alichomeza, na tabibu amsikilize.

Hata sumu yaweza kuwa ndani ya habari hii. Katika eneo hili la Afrika upo mfano wa zamani. Daktari John Kirk, aliyekuwa katika msafara wa David Livingstone wa mto Zambezi ulioanza mwaka 1858, alikusanya sumu ya mishale iliyoitwa kombe. Mswaki wake ukagusana na sumu hiyo. Alipoutumia alihisi uchungu mdomoni, na alipojipima akakuta mapigo ya moyo wake yamepungua. Alikuwa bado kijana, na mwenye nguvu za safari. Kwa sababu alijihesabu mapigo, akakijua kisa. Baadaye Thomas Fraser wa Edinburgh aliichunguza sumu hiyo, na ikatolewa ndani yake dawa ya moyo. Livingstone mwenyewe alifika kwenye Ziwa Mweru mwezi Novemba 1867, wakati Kirk alikwisha kwenda kufanya kazi Zanzibar.

Leo sumu ya kuangaliwa zaidi si ya mishale. Ni dawa za kuulia wadudu. Katika nchi nyingi za joto wako wanaozinyunyizia hata samaki wakavu, na wako wanaozitia majini ili kuua samaki. Polisi anayekamata shehena ya namna hiyo na kuishika kwa mikono mitupu aweza kupata kizunguzungu, mate na machozi mengi, jasho, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano, na moyo wa polepole. Huyo avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe kwa maji mengi na sabuni, na apelekwe hospitali saa ile ile. Anayemsaidia naye ajikinge mikono.

Tunajua wako wakubwa watakaotupinga. Watasema kwamba jeshi si hospitali, na kwamba tukianza kumsikiliza kila anayeshika kichwa, kesho nusu ya kombania itakuwa imelala. Watatukumbusha Kipchoge Keino, aliyekuwa askari polisi wa Kenya, ambaye huko Mexico mwaka 1968 alikimbia akiwa na ugonjwa wa kibofu cha nyongo, akaanguka kwa maumivu katika mbio za mita 10,000, lakini tarehe 20 Oktoba akashinda medali ya dhahabu ya mita 1,500. Je, Keino angeketi chini, dunia ingemjua?

Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuidharau. Watega kazi wapo, na nidhamu ndiyo uti wa mgongo wa jeshi. Lakini na tuupime mfano wenyewe. Ugonjwa wa Keino ulikuwa umejulikana, madaktari walikuwa wamemwona na kumpa ushauri, naye akachagua akijua. Alikuwa amebeba mwili wake peke yake. Hakuwa ameshika bunduki, wala usukani, wala kamba ya mashua yenye watu. Zaidi ya hayo, maumivu ya tumbo ni jambo moja, na giza la macho katikati ya mbio ni jambo jingine. Maumivu mtu aweza kuyashinda kwa moyo wake. Lakini moyo wenyewe ukishindwa, atashinda kwa nini?

Viko visa vingine vya kupimwa pamoja na hicho. Tarehe 26 Juni 2003, huko Lyon, Ufaransa, Marc-Vivien Foé wa Kamerun, mwenye umri wa miaka 28, alianguka uwanjani katika mchezo dhidi ya Kolombia na akafariki. Uchunguzi ulionyesha kwamba msuli wa moyo wake ulikuwa umenenepa kwa ugonjwa. Tarehe 17 Machi 2012, huko London, Fabrice Muamba, kijana wa miaka 23 aliyezaliwa Kinshasa, alianguka akiichezea Bolton. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga ipasavyo, lakini aliokolewa, kwa sababu msaada ulimfikia pale pale na kifua chake hakikuachwa bila kukandamizwa. Baadaye alisimulia kwamba kabla ya kuanguka alishikwa na kizunguzungu. Hatusemi kwamba vijana hao walikuwa na moyo wa polepole. Ugonjwa wa moyo una sura nyingi. Tunasema kwamba walikuwa wakakamavu kuliko wengi wetu, na ukakamavu haukuwakinga.

Na kuhusu watega kazi, tunauliza: ni njia ipi iliyo bora ya kumjua mtegaji, kumtukana au kumpima? Mtu aweza kujifanya ameanguka. Aweza kupepesa macho na kulegeza shingo. Lakini ni vigumu sana kuudanganya moyo upige mara 36 kwa dakika mbele ya koplo mwenye saa. Kwa hiyo kuhesabu mapigo hakuvunji nidhamu. Kunaipa nidhamu ushahidi.

Kuhesabu kwenyewe hakuhitaji chuo. Weka ncha za kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa ndani, chini ya kidole gumba. Usitumie kidole gumba, kwa kuwa kina mapigo yake. Tazama saa, uhesabu kwa dakika nzima. Usihesabu robo dakika ukazidisha mara nne, kwani mapigo yanayorukaruka hukimbia hesabu ya haraka. Andika idadi, saa, na yale aliyokuwa akiyafanya askari huyo. Mstari huo mmoja wa maandishi waweza kumsaidia daktari wa Mansa kuliko maelezo ya kurasa mbili.

Basi tunapendekeza mambo manne kwa wakuu wa vikosi.

Kwanza, kila kuruta anapoingia depo mapigo yake ya kupumzika yahesabiwe na kuandikwa katika kadi yake, kisha yahesabiwe tena kila baada ya miezi michache. Kikosi kinachojua kwamba kijana fulani desturi yake ni 48 hakitashtuka bure siku ya hatari, na kikijua kwamba desturi yake ni 70 hakitaipuuza 40.

Pili, ziwepo alama ambazo mkubwa yeyote, hata awe na nyota ngapi, hawezi kuzipuuza. Nazo ni hizi: kuzirai wakati wa kukimbia au kufanya kazi nzito, kuzirai bila dalili yoyote ya kutangulia, kizunguzungu pamoja na maumivu ya kifua, pumzi kukatika, au mapigo yanayorukaruka, mapigo yaliyo chini ya 40 kwa mtu aonaye kizunguzungu, mapigo yasiyopanda mtu anapofanya kazi, na askari ambaye katika ukoo wake kuna aliyekufa ghafla akiwa kijana. Mwenye alama mojawapo asirudi katika mazoezi, majini, kwenye usukani wala kwenye lindo la silaha mpaka amechorwa umeme wa moyo na kuonwa na daktari. Mashine hiyo huchora kwa dakika chache, haina maumivu, wala haitoi damu.

Tatu, kila mashua ya doria na kila kikosi cha mazoezi kiwe na watu wawili wanaojua msaada wa kwanza. Aliyeona giza lakini ana fahamu, alazwe chali, miguu iinuliwe, apewe hewa, na akipata nafuu apewe maji. Aliyezimia huku anapumua, alazwe ubavu. Asiyepumua, au anayekoroma kwa kushtukashtuka, asisubiriwe: mikono miwili iwekwe katikati ya kifua, kikandamizwe kwa nguvu mara 100 hadi 120 kwa dakika, watu wakipokezana, mpaka msaada ufike. Na majini vazi la kuokolea maisha livaliwe. Likiwekwa chini ya kiti halimwokoi mtu aliyezirai.

Nne, na hili ndilo gumu kuliko yote, askari aliyesema ukweli asiadhibiwe kwa ukweli wake. Vijana wengi huficha kizunguzungu kwa sababu wanaogopa kufukuzwa kazi, na nyumbani kuna wazazi na wadogo wanaotegemea mshahara huo. Hofu hiyo si upuuzi. Mkuu wa kikosi anayetaka kuambiwa ukweli hana budi kuonyesha kwa vitendo kwamba mgonjwa hutibiwa kwanza, kisha hutafutiwa kazi inayomfaa, ghalani, ofisini, kwenye redio au katika ufundi, na kwamba mlango wa kurudi kwenye kazi yake uko wazi akipona. Wengi watapona. Wengine watahitaji maji na chakula tu, wengine kubadilishiwa dawa, wengine kutibiwa taifodi.

Hata wale ambao njia ya umeme wa moyo wao imekatika hawana sababu ya kukata tamaa. Tarehe 8 Oktoba 1958, huko Stockholm, mgonjwa aitwaye Arne Larsson, ambaye moyo wake ulisimama na kumzimisha mara nyingi, aliwekewa mwilini kifaa cha kuongoza mapigo, cha kwanza duniani cha namna hiyo. Alibadilishiwa vifaa mara nyingi, akaishi hadi mwaka 2001, akafa akiwa na miaka 86. Leo vifaa hivyo huwekwa hata katika nchi zetu. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, iliyoanza kazi mwaka 2015, ni mojawapo ya mahali hapo. Mtu aliyewekewa huweza kufanya kazi, kuoa na kulea.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Sisi tunaongeza kwamba mara nyingi mgonjwa haifichi hali yake kwa kupenda kwake. Hufichishwa na ulimi wa mkubwa wake. Askari wa Nchelenge, wa Pweto, wa Kigoma au wa Mombasa ameapa kuifia nchi yake ikibidi. Hakuapa kuzama ziwani asubuhi ya amani kwa sababu sajini wake hakutaka kutazama saa kwa dakika moja. Wakubwa wa vikosi, dakika hiyo ni deni lenu kwa vijana mnaowaongoza. Na ninyi vijana, mkiona giza machoni, semeni mapema, semeni wazi, na mketi chini kabla ya kuanguka.